Sufu Mlimani: Historia Fupi ya Sweta la Usambara

Kutoka Mombo mpaka Lushoto ni kilomita 30 na ushee tu, lakini mwezi wa 7 ukishuka kwenye basi utadhani umevuka mpaka wa nchi. Mombo umeacha joto la nyika, shati limekugandia mgongoni. Barabara inapanda kwa kona, inapita Soni penye maporomoko, na ukifika Lushoto, mita zipatazo 1,400 juu ya usawa wa bahari, kila mtu kajifunika. Wazee wamevaa makoti mazito, vijana wamevuta mizula mpaka kwenye nyusi, watoto wa shule wako ndani ya masweta. Ukiendelea kupanda kuelekea Magamba na Shume, ndiyo kabisa: ukungu asubuhi, moshi wa kuni, na mikono imefichwa kwapani.

Sasa hebu tujiulize swali dogo. Baridi ipo tangu milima iwepo. Kondoo wapo. Mikono yenye ufundi ipo. Kwa nini basi sweta la Lushoto, kwa sehemu kubwa ya historia yake, limetoka kwingine? Sufu yake ni ya kondoo wa mbali, au siyo sufu kabisa. Hata neno lenyewe limekuja kwa jahazi.

Nimelishika swali hili kwa sababu kufuma ni kazi ambayo wanahistoria wetu wameipita kama watu wanavyompita mama aliyekaa barazani na sindano zake. Wanamsalimia, wanaendelea na safari. Tuna vitabu vya mkonge, vya kahawa, vya reli. Sweta tunalivaa tu.

Tuanze na neno

Sisi wapenzi wa fasihi tuna bahati moja: pale ambapo nyaraka zimenyamaza, neno husema.

Kiswahili kina sufu na kina sufi. Sufu ni nywele za kondoo za kufumia. Sufi ni ile pamba laini inayotoka kwenye maganda ya msufi, tuliyokuwa tunajazia mito na magodoro. Maneno yote mawili yana asili moja, Kiarabu suf, yaani sufu ya kondoo. Na wale wacha Mungu tunaowaita Masufi, maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba jina lao limetoka hapo hapo, kwenye joho la sufu isiyo na mapambo walilovaa kujinyima starehe. Neno moja, na limezaa mto wa kulalia, sweta la mtoto na njia ya ibada.

Kwa nini tuliazima? Kwa sababu kondoo wetu hawakuwa nayo. Kondoo wa asili wa Afrika Mashariki, wale wa mkia mnene, yule mwekundu wa Kimaasai, yule wa Kisomali mwenye kichwa cheusi, wana nywele fupi kama za mbuzi. Hakuna cha kukata na kusokota. Mtu alifuga kondoo kwa nyama, kwa mafuta ya mkia, kwa mahari, kwa matambiko. Ngozi ilitumika, lakini uzi haukutoka. Manyoya tulikuwa nayo na neno lake tulikuwa nalo. Sufu ilikuwa bidhaa, na bidhaa ikaja na jina lake.

Ndivyo ilivyo pia kwa ndugu zake. Bushuti, vazi zito la sufu, limetokana na Kiarabu bisht. Fulana ni ya ukoo wa flaneli, kitambaa laini ambacho zamani kilikuwa cha sufu. Blanketi na sweta ni Kiingereza kilichovaa kanzu. Na joho, ambalo leo tunaliona kwenye mahafali ya vyuo vikuu, asili yake ni neno la kitambaa chenyewe: sufu nzito iliyofumwa kisha ikafuliwa, ikapondwa na kukanyagwa kwenye maji mpaka nyuzi zikashikana na mfumo wake usionekane tena. Yaani sultani wa Zanzibar na mashekhe wake walipopita na majoho yao, walikuwa wamevaa jamaa wa karibu wa felti. Hilo nitalirudia mbele.

Halafu kuna kufuma. Pwani yetu ilifuma nguo za pamba karne nyingi kabla ya Mreno. Wanaakiolojia wamechimbua vijigurudumu vya kusokotea uzi Kilwa na kwenye miji mingine ya Waswahili, na Ibn Battuta, aliyepita Mogadishu mwaka 1331, aliandika kuhusu vitambaa vya mji ule vilivyosafirishwa mpaka Misri. Kufuma, basi, kulikuwa kwanza kazi ya kitanda cha mfumi. Sindano mbili zilipokuja, lugha haikuhangaika kutafuta neno jipya. Ilizipa lile lile. Kutokana na kufuma tumepata mfumo, neno ambalo leo halikosekani kwenye taarifa ya habari, iwe ni mfumo wa elimu au mfumo wa malipo. Kusuka nako kumetupa msuko, na kila mwanafunzi wa fasihi anajua kuuchambua msuko wa riwaya. Tunazungumza lugha ya mafundi wa nyuzi kila siku bila kuwakumbuka.

Nguo zilipanda mlima

Sasa tupande Shambaai. Mwanahistoria Steven Feierman, katika kitabu chake cha mwaka 1974 kuhusu ufalme wa Washambaa, ameeleza vizuri namna watu wa mlimani walivyoigawa dunia yao sehemu mbili. Kuna Shambaai, juu, penye ubaridi, migomba na afya. Kuna nyika, chini, penye joto, ukame na homa. Mshambaa alijenga juu akashuka chini kwa shida au kwa biashara. Baridi kwake haikuwa adui. Ilikuwa dalili kwamba yuko nyumbani.

Lakini nguo za dukani zilitoka chini. Zilipita Pangani na Tanga, zikafuata bonde la mto Pangani, zikapanda. Ukisoma Habari za Wakilindi ya Abdallah bin Hemedi 'lAjjemy, kitabu ambacho kila mpenzi wa nathari ya Kiswahili angepaswa kuwa nacho, utaona jinsi nguo zinavyotembea kati ya watu: zawadi, malipo, heshima. Kilianza kuchapwa miaka ya 1890 na wamisionari wa UMCA, na mwaka 1962 kikatolewa upya Nairobi. Watu wengi wanakisoma kwa ajili ya Mbega, yule mwindaji aliyekuja na nyama na kuondoka, au tuseme hakuondoka kabisa, akiwa mfalme. Mimi napenda kukisoma pia kama kitabu cha nguo: nani anampa nani, na nani anapewa kidogo.

Johann Ludwig Krapf alifika Vuga mwaka 1848 kumwona Kimweri ye Nyumbai, akarudi tena mwaka 1852. Richard Burton na John Hanning Speke walipanda mwaka 1857, wakamkuta mfalme akiwa mzee sana. Kimweri alifariki mwaka 1862, na baada yake ndugu wakagombana. Mwanawe Semboja alikuwa ameweka makao Mazinde, chini, kando ya njia ya misafara, na hilo halikuwa jambo la bahati. Zamani nguvu ya mfalme ilikuwa mvua na mlima. Sasa nguvu ilikuwa bunduki na nguo, na vyote viwili vilipita chini. Aliyekaa juu alianza kumtegemea aliyekaa njiani. Kwa maneno mengine, kabla hata ya mkoloni kufika, mlima ulikuwa umekwisha kuanza kuvaa vitu ambavyo haukuvitengeneza.

Wageni waliopenda baridi

Wajerumani walipofika waliipenda Usambara kwa sababu ile ile iliyowafanya Washambaa waipende: ubaridi. Lushoto waliibatiza Wilhelmstal, bonde la Wilhelm, kwa heshima ya mfalme wao, na maofisa wakawa wanapanda huko kukimbia joto la pwani. Mwishoni mwa miaka ya 1890 serikali yao ilianzisha shamba la majaribio Kwai, kuona ni mazao na mifugo gani ya Ulaya ingestawi mlimani. Macho yao yaliiona Usambara kama kipande cha kwao kilichopotea njia.

Wamisionari wa Kilutheri walikwisha kutangulia. Mwaka 1891 walijenga Mlalo, wakaiita Hohenfriedeberg. Zikafuata Vuga mwaka 1895, Lutindi mwaka 1896, Bumbuli mwaka 1899. Kanisa lilikuja na shule, na shule ya wasichana, kama ilivyokuwa katika misheni nyingi za Afrika Mashariki, ilikuja na kile kilichoitwa kazi za mikono: kushona, kudarizi, kufuma. Mvulana alifundishwa useremala na uashi ili apate mshahara. Msichana alifundishwa sindano ili awe mke mzuri wa mwalimu. Sindano ile ile, lakini mmoja angelipwa na mwingine angesifiwa.

Hapa kuna kinaya kimoja kizuri. Wamisionari wengi waliamini wanaleta ustaarabu wa Ulaya. Lakini kufuma kwa sindano mbili, kwa ushahidi tulionao, hakukuanzia Ulaya. Vipande vya zamani kabisa vya mfumo huo vilivyopatikana ni soksi za pamba kutoka Misri, za rangi ya samawati na nyeupe, nyingine zimepambwa kwa michoro ya maandishi ya Kikufi. Zina umri wa miaka kama 700 mpaka 1,000. Ufundi ulivuka bahari ya Kati ukaingia Ulaya, ukakaa karne kadhaa, ukapata baridi na kondoo wa sufu, ukanenepa. Halafu ukashuka tena Afrika ukiwa na lafudhi ya Kijerumani. Bibi wa Mlalo aliyefundishwa kufuma soksi alikuwa anarudishiwa kitu cha bara lake mwenyewe, ila hakuna aliyemwambia.

Sindano mkononi, jembe begani

Miaka ya 1950 ndiyo sehemu ya habari hii inayoniumiza kidogo.

Baada ya vita kuu ya pili, serikali ya Waingereza ilikuwa na hofu ya mmomonyoko wa udongo. Mwaka 1946 ilianzisha mpango wa kuokoa ardhi katika bonde la Mlalo, ukapanuliwa kuwa mpango wa Usambara. Amri ilikuwa watu wajenge matuta mashambani, na mifugo kwenye miteremko ipunguzwe. Kwenye karatasi ni jambo jema. Shambani, mteremko wa Usambara si mchezo, na aliyelima kwa kiasi kikubwa alikuwa mwanamke. Matuta yaliongeza kazi juu ya kazi, yakapunguza nafasi ya kupanda, na mavuno yakatia shaka. Watu walipinga, wakatozwa faini, wakaendelea kupinga. TANU ilipokuja ilikuta kuni zimekauka tayari. Mwaka 1957 mpango ukafa.

Miaka hiyo hiyo, idara ya maendeleo ya jamii ya Tanganyika ilikuwa inaanzisha vilabu vya wanawake. Masomo yalikuwa kushona, kufuma, kupika, usafi wa nyumba na malezi. Kenya nako, mwaka 1952, mwaka ule ule hali ya hatari ilipotangazwa, ilizaliwa Maendeleo ya Wanawake, na vilabu vyake vilifundisha karibu vitu hivyo hivyo. Serikali ilimwona mwanamke kama mtu wa nyumbani anayehitaji kufundishwa namna ya kukaa nyumbani vizuri. Asubuhi alikuwa mkulima anayelazimishwa matuta. Mchana alitakiwa awe mama wa nyumbani anayefuma kofia ya mtoto.

Susan Geiger, aliyewahoji wanawake wa TANU na kuandika kitabu chao mwaka 1997, anaonyesha kwamba Bibi Titi Mohamed alipoanza kuwaita wanawake mwaka 1955, hakupita kwenye vilabu vya sindano. Alipita kwenye vikundi vya ngoma, kule ambako wanawake walikwisha kujipanga wenyewe, wana viongozi wao na mifuko yao ya fedha. Mtu anaweza kusoma hapo kwamba kufuma kulikuwa mtego wa mkoloni. Mimi sikubali kirahisi hivyo.

Kwanza, kofia aliyoifuma mama ilimkinga mtoto na baridi kweli. Ukungu wa Shume hauulizi sindano imetoka kwa nani. Pili, ujuzi ukishaingia mkononi haurudi kwa mwalimu. Mtu aliyefundishwa kufuma ili atulie nyumbani anaweza kufuma ili auze, akalipa ada, akanunua mbuzi wake mwenyewe bila kuomba ruhusa. Tatizo halikuwa sindano. Tatizo lilikuwa kwamba waliofundisha hawakuiita kazi hiyo kwa jina lake, yaani kazi. Waliiita adabu.

Kondoo waliokataa

Lakini sufu yenyewe je? Walijaribu. Kenya, Lord Delamere alikaa Njoro mwanzoni mwa karne ya 20, akaleta kondoo wa merino kutoka New Zealand. Wengi walikufa. Walowezi hawakukata tamaa. Walichanganya damu na kondoo wa Kimaasai, wakahama malisho, wakajifunza magonjwa, na nyanda za juu za Kenya zikaja kuwa na sufu yake: Molo, Njoro, Nanyuki. Eldoret kukawa na kiwanda cha sufu na mablanketi. Tanzania nayo, miaka ya 1960, ilijaribu kondoo wa sufu kwenye uwanda wa Kitulo, kule kusini penye baridi kali. Baadaye Kitulo iligeukia ng'ombe wa maziwa, na kwa maziwa ndiyo ikajulikana.

Usambara haikuwahi kuwa nchi ya sufu, na ukiangalia ardhi utaelewa. Kondoo wa sufu anataka nafasi, malisho mapana ya baridi. Usambara ni mlima wenye watu wengi, kila kipande kina mwenyewe: hapa karoti, pale kabichi, kule migomba na kahawa, viazi vikifuatia. Kuanzia miaka ya 1980 mradi wa SECAP uliwahimiza watu kufunga mifugo zizini na kupanda majani ya kulishia kwenye makinga maji, ili miteremko ipumzike. Ng'ombe mmoja wa maziwa anafungwa zizini na analipa. Kundi la merino haliwezekani. Ndiyo maana Lushoto ilipata jibini, mikate na mboga za kupeleka Dar es Salaam, lakini uzi wa sweta ikaendelea kuununua.

Uzi huo wa dukani, ule wa rangi kali unaouzwa kwa madonge, kwa kawaida ni akriliki. Umetoka kwenye mafuta ya petroli. Hakuna ubaya, ni rahisi na haupauki upesi. Lakini ni vizuri kujua kwamba sweta nyingi zinazoitwa za sufu hazijawahi kumwona kondoo.

Kafa Ulaya, kafufuka Lushoto

Halafu ikaja mitumba. Miaka ya ujamaa nguo zilikuwa adimu. Katikati ya miaka ya 1980 biashara ilipofunguliwa, marobota yakamiminika. Watu wakaziita kafa Ulaya, maana nani mwingine angeacha koti zima namna hiyo kama siyo marehemu? Kwa watu wa pwani robota la masweta lilikuwa hasara. Kwa Lushoto lilikuwa neema. Sufu ya kweli, ya kondoo wa Scotland na Australia, ikaanza kupatikana mnadani kwa bei ya kawaida.

Wanawake wenye sindano waliona kitu ambacho mnunuzi wa kawaida hakukiona: sweta kuukuu ni uzi uliohifadhiwa. Unalifumua. Unakata mshono wa ubavuni, unatafuta ncha, unavuta, na sweta la mtu mzima wa Ulaya linageuka donge. Uzi unakuja umejikunja kama nywele zilizofumuliwa, unauosha, unauanika na kitu kizito kikiuvuta chini, unanyooka. Kutoka hapo unafuma kofia mbili za watoto na kibaki cha kutia mistari. Angalia ufundi wa Kiswahili hapa: kufuma na kufumua, kitendo na kinyume chake, silabi moja tu katikati.

Na wako waliojifunza felti bila kujua kama ni felti. Umenunua sweta zuri la sufu, umelitia kwenye maji ya moto na sabuni, umelisugua kwa nguvu kama unavyosugua sare ya shule. Ukilianua limekuwa la mtoto wa miaka 4, nene, gumu, halinyooki tena. Watu husema limeharibika. Kumbe ndicho kitu chenyewe ambacho wachungaji wa Asia ya Kati wamekitengeneza kwa makusudi kwa maelfu ya miaka. Kwenye makaburi ya barafu ya Pazyryk, milima ya Altai, yalipatikana mazulia na matandiko ya felti yenye rangi, ya zaidi ya miaka 2,200 iliyopita, na rangi zake bado zinaonekana.

Siri yake ni ndogo na Lushoto ina haki ya kuipenda. Unywele wa sufu ukiutazama kwa darubini umefunikwa na magamba. Naam, magamba, kama jina la mlima na msitu ulio juu ya mji. Maji ya moto na sabuni huyafumbua, msuguano huyavuta nywele moja ndani ya nyingine, na yakishanasana hayaachani. Nywele za kondoo wetu wa asili hazifanyi hivyo vizuri, akriliki haifanyi kabisa. Uganda wana ndugu wa mbali wa kitambaa hiki, lubugo, gome la mti wa mutuba linalopondwa kwa nyundo za mbao mpaka likawa nguo. Nalo halifumwi. Yaani wazo la kupata nguo kwa kuponda badala ya kufuma si geni kwetu hata kidogo.

Kwa anayetaka kuanza

Historia isiyoshikika mkononi hunichosha, kwa hiyo acha nimalizie na kazi tatu ambazo mtu asiyewahi kushika sindano anaweza kuzifanya mvua za masika zikimfungia ndani.

Ya kwanza ni skafu ya mistari. Tafuta sindano mbili nene. Wasio nazo wamezoea kunoa spoku za baiskeli, nazo hufanya kazi ingawa mfumo unakuwa wa karibu karibu. Anzisha vitanzi 30, fuma kila mstari kwa namna moja tu, ile ya kwanza kabisa unayofundishwa. Badili rangi kila baada ya mistari 10, tumia vibaki vyovyote. Makosa ya mwanzoni yatajificha kwenye rangi. Ukijua skafu, mzula ni skafu fupi iliyokunjwa, ikashonwa ubavuni na kufungwa juu.

Ya pili ni kupaka rangi. Hapa unahitaji sufu ya kweli. Kuijua ni rahisi: chomoa kauzi kamoja, kachome kwa kiberiti. Kakinuka kama nywele zilizoungua na majivu yakasagika vidoleni, ni sufu. Kakiyeyuka kakawa kidonge kigumu, ni akriliki. Chemsha sufu taratibu na shabu kidogo ili rangi ishike. Maganda ya vitunguu yanatoa njano iliyoiva inayoelekea kwenye chungwa. Majani ya chai, na Usambara haina uhaba wake, yanatoa hudhurungi. Binzari inatoa njano kali kuliko zote, lakini usiianike juani kila siku, inapauka. Usiitoe sufu kwenye maji ya moto ukaitumbukiza kwenye ya baridi, wala usiisugue, maana utakuwa umeruka moja kwa moja kwenye kazi ya tatu.

Ya tatu ni felti yenyewe. Chukua sweta la mtumba la sufu. Kama lebo inasema linaweza kufuliwa kwa mashine bila shida, liache, magamba yake yamekwisha kulainishwa kiwandani. Litie kwenye maji ya moto na sabuni, sugua, piga, suuza, rudia, mpaka vitanzi visionekane. Likikauka, likate kwa mkasi bila woga, halifumuki. Hapo una kipochi, kifuko cha simu, vishikio vya sufuria, soli za ndani za viatu. Vipande vya rangi mbalimbali unavishona pamoja vikawa tandiko la mtoto.

Ufundi na jina

Njoro, pale pale ambapo kondoo wa Delamere walikufa, tangu mwaka 1998 kuna kikundi kinachoitwa Kenana Knitters. Wanawake wa vijijini wanasokota sufu ya Kenya, wanaipaka rangi za mimea, wanafuma wanyama wa kuchezea: tembo, twiga, viboko wenye mistari ambayo Mungu hakuwapa. Kila mnyama hubeba kikaratasi chenye jina la mwanamke aliyemfuma. Mtoto wa London akimfungua tembo wake anakuta jina la mtu.

Kikaratasi hicho, kwangu mimi, kina uzito. Maelfu ya masweta yamevaliwa Lushoto tangu misheni ya Mlalo mpaka robota la jana, na karibu yote hayana jina la aliyefuma. Yale ya mtumba yana jina la kampuni. Yale ya shule yana nembo ya shule. Yale yaliyofumwa na bibi zetu kwenye vilabu na barazani hayana kitu. Wengi wa mabibi hao bado wapo. Wanajua nani aliwafundisha, walilipwa nini, sindano zilitoka wapi, rangi ipi ilipendwa na ipi ilikataliwa. Hiyo ni nyaraka, na haijaandikwa.

Kwa hiyo msomaji mwenye bibi Usambara, au Makete, au Njombe, au popote penye baridi: mwezi wa 12 ukienda nyumbani, chukua donge la uzi na kalamu. Kaa karibu yake akufundishe vitanzi 30 vya kwanza, na wakati mikono yenu inafanya kazi, muulize shangazi yake, mwalimu wake, au jirani yake aliitwa nani. Andika jina hilo kwanza.